Msiiue Sensa, Muulizeni Aliyekata Ekzosi

Najua mmezoea humu ndani nalalamika kuhusu bumu kuchelewa, maji kukatika hosteli na wali wa kantini wenye mchanga. Leo vyote hivyo naviweka pembeni. Leo nina ugomvi na mafundi wa ekzosi, na wote wanaowashangilia. Hata wewe usiye na baiskeli soma tu, maana wengi wetu huko nyumbani kuna baba, mjomba au shemeji mwenye kigari ambacho ndicho kinatuweka hapa chuoni.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba mdogo ana pikapu ya petroli, anabeba nyanya kutoka Ilula kupeleka Iringa mjini. Hiyo gari ndiyo iliyoninunulia godoro na ndoo nilipokuja mwaka wa kwanza, kwa hiyo ikikohoa yenyewe, mimi huku napata homa. Fundi mmoja akamwambia gari "haipumui", dawa yake ni kukata masega na kuunga bomba nene mpaka nyuma. Akakata. Mlio ukawa mkubwa kweli, mtaa mzima unajua baba mdogo amerudi. Siku ya pili taa ya injini ikawaka. Fundi akasema sensa ya oksijeni imekufa, nunua nyingine. Ikanunuliwa. Taa ikazima siku tatu, ikarudi. Fundi akasema ile ilikuwa feki, nunua nyingine. Ikanunuliwa ya pili! Wakati huo gari inabugia petroli mpaka faida ya nyanya yote inaishia kituo cha mafuta. Mwisho fundi akatoa ushauri wa kitaalamu: tuchomoe balbu ya hiyo taa, eti "hizi gari za kompyuta zina uongo mwingi".

Jamani! Mwanafunzi ananyoosha mkono kusema mwalimu, hesabu ya ubaoni imekosewa, halafu dawa iwe kumfukuza darasani? Sisi tunaosomea ualimu tunajua darasa la namna hiyo linaishia wapi.

Mimi nasema hivi, na nitasimama hapo hapo: ukibadilisha ekzosi halafu taa ikawaka, mtuhumiwa wa kwanza ni kazi iliyofanyika kwenye ekzosi. Sensa ni shahidi. Unaanzaje kumnyonga shahidi kabla hujamsikiliza?

Hebu tuelewane hiki kidude kinafanya nini. Bosch walianza kukitengeneza kwa ajili ya magari ya kuuzwa mwaka 1976, kwa hiyo si uchawi wa jana. Kinakaa kwenye bomba la moshi kinapima oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua. Kompyuta ya gari inalenga sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Sensa ya kawaida ya mbele inatoa umeme mdogo, kama volti 0.1 hewa ikizidi na kama volti 0.9 petroli ikizidi. Kompyuta inasoma, inapunguza au inaongeza mafuta. Sensa ya nyuma, iliyo baada ya masega, kazi yake kubwa ni kuangalia kama masega yanasafisha moshi.

Sasa angalia utata. Umekata masega, sensa ya nyuma inaona moshi ule ule anaouona mwenzake wa mbele. Inaripoti, kompyuta inaandika P0420, yaani masega hayafanyi kazi. Uongo uko wapi hapo? Masega yako kwenye gunia la fundi! Nunua sensa kumi, zote zitasema hivyo hivyo, maana zote ni nzima.

La pili ndilo lililokuwa linamla baba mdogo. Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo, mgandamizo ndani ya bomba unashuka, na kama kuna tundu kabla ya sensa ya mbele, hewa ya nje inavutwa ndani. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani injini ina njaa ya petroli, inamwaga. Gari inakunywa, plagi zinakuwa nyeusi, na kwenye mashine inasoma P0171, hewa imezidi. Sensa imesema kweli kuhusu hewa iliyoiona. Aliyeiingiza hiyo hewa ni mchomeleaji.

Likizo iliyopita nilisimama na baba mdogo uwanjani kwake tukafanya kazi ambayo fundi hakuifanya hata dakika moja. Injini ikiwa baridi, tukapuliza upepo kwa nyuma ya bomba, tukapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Pale kwenye flanji, mbele kabisa ya sensa, mapovu yalitoka kama ya kufulia. Baba mdogo akaniangalia, akasema, "Mwanangu, kumbe nimenunua sensa mbili kwa ajili ya gasketi?" Nikakosa jibu. Gasketi mpya na kuchomelea upya havikufika hata robo ya bei ya sensa moja. Gari ikarudi kwenye unywaji wake wa zamani.

Kwa hiyo mwambieni mzee wa nyumbani afuate mpangilio huu kabla hajafungua pochi:

Kwanza, soma namba za kosa kwa mashine, ziandike, ndipo uzifute. Akifuta bila kusoma, huyo anafuta ushahidi.

Pili, tafuta matundu kwa sabuni, hasa kabla ya sensa.

Tatu, kagua waya. Mchomeleaji akiwa na haraka anaziacha zinagusa bomba la moto, zinayeyuka. Sensa haifanyi kazi vizuri mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi, ndiyo maana nyingi zina hita ndani. Fyuzi ikikatika au waya wa hita ukiungua, utaona P0135 kwa ya mbele au P0141 kwa ya nyuma. Na kama bomba jipya limeisogeza sensa mbali na injini, inapoa, inachelewa kujibu.

Nne, uliza ametumia gundi gani kwenye viungo. Kuna silikoni ambazo mvuke wake unaiharibu sensa kabisa. Hapo sasa sensa imekufa kweli, lakini muuaji tunamjua.

Tano, ukithibitisha imekufa, nunua ya aina ile ile. Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuja juu zina sensa ya mbele inayopima uwiano wa hewa na mafuta. Kwa macho inafanana na ile ya kawaida, kwa kazi ni kitu kingine. Ukiweka ya kawaida pale, umenunua ugonjwa mpya.

Najua kuna jamaa watakuja na hoja zao. "Masega yanaziba gari." Yakiyeyuka, kweli yanaziba. Lakini mara nyingi yanayeyushwa na petroli isiyoungua, kwa sababu ya plagi mbovu au kompyuta kudanganywa na tundu. Ukikata masega ukaacha chanzo, umekata mguu kwa sababu kiatu kinabana. "Mafuta yetu machafu, yanaua masega." Hiyo ilikuwa na nguvu enzi za petroli yenye risasi, na hiyo iliondoka Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Tafuteni kisingizio kingine.

Halafu jiulizeni, kwa nini fundi anafurahia kukata kitu halafu anabaki nacho? Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipita dola 20,000 kwa aunsi moja. Ukisikia "hili limekufa mzee, niachie tu nitupe", mwambie asante, utalitupa mwenyewe.

Na kuna jambo ambalo halina utani. Wale tuliosoma kemia tunaijua kaboni monoksidi: haina rangi, haina harufu, inashika damu mahali pa oksijeni. Masega ndiyo yanayoigeuza kuwa kaboni dioksidi. Bila masega, na tundu likiwa chini ya kabini, wanaokaa humo ni nani? Wadogo zangu wawili, wanaopewa lifti ya shule juu ya matenga ya nyanya siku nafasi ikikosekana mbele, na mbele siku ikipatikana. Hiyo si hesabu ya petroli tena.

Taa ya baba mdogo bado inawaka kwa P0420, na nimemwambia asiruhusu mtu kuichomoa. Inasema kweli: masega hayapo. Anadunduliza ayarudishe, maana taa ikiwaka siku zote, likija kosa jipya hutalijua. Mpaka hapo, mtu yeyote akimwambia sensa imekufa, aulizwe swali moja tu: umeipima na nini?

Naomba kuwasilisha. Wenye dizeli za zamani msinitukane, nyingi hazina sensa hii. Wengine wote, pigeni simu nyumbani leo.