Bima ya Afya na Msimu wa Korosho

Mwaka 1977 Tanzania ilipiga marufuku matibabu ya kibinafsi yenye kutafuta faida. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1991, na kuanzia mwaka 1993 wagonjwa walitakiwa kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Ili kuwapunguzia wanavijiji mzigo huo, Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, kisha ukaenezwa kwa sheria ya mwaka 2001. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Sheria pekee, hata hivyo, haijazi mfuko. Bima ni hesabu. Kaya 1,000 zikitoa shilingi 30,000 kila moja kwa mwaka, hupatikana shilingi milioni 30, na wachache wanaougua hutibiwa kwa mchango wa wengi walio wazima. Wakijiandikisha wenye wagonjwa peke yao, mathalani kaya 100, hupatikana milioni 3 tu, ilhali gharama ni zile zile. Mfuko wa namna hiyo hauwezi kudumu.

Kwa nini basi mtu mzima hajiungi? Huko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iliyo chini yake, jibu limo katika kalenda ya mkulima. Fedha huja kwa minada ya korosho, inayoanza Oktoba. Mvua na malaria hufuata, wakati fedha zimekwisha kutumika. Kumdai mkulima mchango mwezi Machi ni kumdai asichokuwa nacho. Si haki kusema kwamba haithamini afya yake.

Yafaa basi mchango ukusanywe siku ya malipo ya korosho, kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Wapo watakaopinga, kwa kuwa makato ya korosho tayari ni mengi. Hoja hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo pasiwe na makato bila ridhaa ya mkulima iliyoandikwa, fedha za bima zisichanganywe na za chama, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Aidha, msimu wa 2018 malipo yalichelewa; katika miaka kama hiyo serikali haina budi kuziba pengo.

Hatimaye, mwenye kadi akikuta zahanati haina dawa, mwaka ujao hatarudi kuchangia. Dawa rafuni ndiyo hoja itakayomshawishi jirani yake.