Taharuki ni Deni

Wanafunzi wenzangu, nani hajawahi kulala na hasira kwa sababu kipindi kimekatwa mahali patamu? Tamthilia ya Maria, iliyoonyeshwa na Citizen TV kuanzia 2019 hadi 2021, ilitufanyia hivyo karibu kila jioni. Hapa Burat, sisi tulitazama kwa jirani mwenye sola. Jioni moja betri ilikwisha. Mdogo wangu alilia sana, ikabidi nimtungie mwisho wangu mwenyewe ndipo alale. Deni la mtunzi nikalilipa mimi!

Walimu wetu huiita mbinu hii taharuki, nayo si ya juzi. Katika Alfu Lela Ulela, binti wa waziri alikata hadithi kila kulipokucha ili mfalme asimwue. Lakini jamani, usiku uliofuata aliimalizia, ndipo akaanza nyingine.

Kwa hivyo siungi mkono wanaosema taharuki ni upuzi. Inafaa sana, mradi jibu lije. Mtunzi akituacha mlangoni mwa hatari, kisha kesho alete habari nyingine kabisa, huyo ametudanganya. Waswahili husema ahadi ni deni. Nawe, msomaji, waonaje?