Ukuta wa Darini

Fungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushe ukuta mdogo darini, mtu asije akaanguka. Zamani zile watu walikaa na kulala juu ya dari. Mungu aliyeagiza sadaka na sala, aliagiza na ukuta.

Hapa Fumba tunajenga kila siku, na ghorofa zinainuka karibu na vijiji vya zamani. Je, ukuta wetu uko wapi? Jiko la mkaa liko chini, uji unachemka. Mafuta ya taa yamo kwenye chupa ya soda. Kisima hakina mfuniko. Mtoto akiumia, twasema ni mapenzi ya Mungu. Tusimsingizie Mungu, Yeye aliagiza ukuta.

Leo ukitoka kanisani, chuchumaa uitazame nyumba yako kwa kimo cha mtoto. Inua jiko, funika kisima, ondoa chupa. Akiungua, mmiminie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno wala mafuta. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe; mkimbize hospitali.

Na mama ambaye mwanawe ameshaumia, usimhukumu. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano yaya wake alipokimbia naye ili amwokoe, akaanguka, akawa kiwete (2 Samweli 4:4). Yaya yule alimpenda; haraka ilimponza. Mama huyo hahitaji lawama zako. Nenda kamsaidie kujenga ukuta.