Kimya cha Pinner na Bei Yake

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na kila afikaye kwa mara ya kwanza Pinner, kiunga kilichoko kaskazini-magharibi ya London, mahali ambapo nyumba za jiji hukoma na malisho na misitu huanza. Jumapili alasiri mgeni aweza kutembea mtaa mzima asisikie ila sauti za ndege na mashine ya kukatia majani. Milango imefungwa, madirisha yamevikwa mapazia, magari yamepangwa kando ya njia kama askari gwarideni. Mgeni hudhani kwamba watu wamehama. La, wamo ndani. Kimya hicho hakikushuka kutoka mbinguni. Kimetengenezwa kwa reli, kwa sheria na kwa desturi. Nacho kina bei yake.

Kwa karne nyingi Pinner ilikuwa kijiji cha wakulima. Mwaka 1336 Mfalme Edward III alitoa hati ya kuruhusu gulio kijijini hapo, na hata leo, Jumatano moja ya kila mwaka, barabara kuu hufungwa ili bembea na michezo ya watoto ipangwe mbele ya maduka. Mwaka 1885 reli ya kampuni ya Metropolitan ilifika. Kuanzia mwaka 1915 kampuni hiyo ilichapa vijitabu vya kuwavuta watu wa London wahamie kando ya reli yake, na sehemu zile zikapewa jina la Metro-land. Ahadi yake ilikuwa nyepesi kueleweka: karani afanye kazi mjini mchana, usiku alale penye hewa ya shamba. Baina ya vita kuu mbili, nyumba milioni nne hivi zilijengwa England na Wales, na nyingi katika hizo zilijengwa viungani kama hapa.

Nyumba zenyewe nyingi ni pacha: nyumba mbili zinazoshiriki ukuta mmoja wa katikati. Mke wa askari aliyekaa katika nyumba za kambi anajua maana ya ukuta wa namna hiyo. Mtoto akilia huku, kule husikika. Redio ikipandishwa kule, huku hapalaliki. Kwa sababu hiyo watu wa Pinner wamejifunza kushusha sauti. Mbele ya nyumba mna bustani ndogo ya maua kwa macho ya wapita njia, na nyuma mna bustani ndefu kwa matumizi ya wenyewe. Huko ndiko nguo huanikwa, watoto hucheza na chai hunywewa wakati wa kiangazi, jua linapokawia kutua mpaka baada ya saa tatu usiku. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka: ifikapo saa kumi alasiri giza limeanza kuingia, na watu hawaonani.

Mpaka wa jirani na jirani ni ua wa mbao au wa miti iliyokatwa sawasawa. Ua huo si jambo dogo. Ugomvi juu ya miti mirefu inayomzuilia jirani mwanga ulizidi hata Bunge likatunga sheria mwaka 2003. Kwa sheria hiyo, mtu anayeonewa na ua wa miti isiyopukutisha majani, uliopita kimo cha mita mbili, aweza kuishitakia halmashauri, nayo ikiridhika itaamuru upunguzwe. Asiye na bustani ya kutosha huomba kishamba cha kukodi kutoka kwa halmashauri. Kipimo cha zamani cha kishamba hicho ni kama mita za mraba 250, nacho hulimwa viazi, vitunguu, kabichi na maharage ya kutambaa. Ajabu ni kwamba watu wasiosemezana mitaani kwao huongea sana wakiwa na majembe mikononi, na hupeana mbegu bila kuombwa.

Lakini kwa nini nyumba zimekoma hapo, zisiendelee mpaka baharini? Jibu ni sheria. Katika miaka ya 1930 watu wengi waliogopa kwamba London ingemeza kila shamba lililoizunguka. Mwaka 1938 ikatungwa sheria ya kulinda ardhi ya wazi pembezoni mwa jiji, na mwaka 1955 serikali ikazihimiza wilaya nyingine za England kuweka mikanda ya kijani namna hiyo. Leo mikanda hiyo imeshika kama asilimia 13 ya ardhi yote ya England, na ndani yake hakujengwi nyumba mpya ila kwa sababu maalumu.

Mwananchi asiye na shamba naye hakusahauliwa. Sheria ya mwaka 1949 ilizitaka serikali za mitaa zichore ramani za njia za miguu zenye haki ya umma. Njia hizo hupita hata katikati ya shamba la mtu, na mkulima hana ruhusa ya kuziziba. Mpita njia naye ana wajibu wake: hufunga lango alilolifungua, na humzuia mbwa wake asiwasumbue kondoo. Njia iitwayo London Loop, yenye urefu wa kilomita 240 hivi, huuzunguka mji wote wa London, nayo hupita karibu na Pinner. Basi mtu aweza kutoka mlangoni kwake baada ya chakula cha mchana, akatembea malishoni na msituni, akarudi kabla birika la chai ya jioni halijachemka.

Kwa upande wa usalama, wasomaji walio katika kazi ya polisi watapenda kujua kwamba konstebo wa kawaida wa London hachukui bunduki, na ndivyo ilivyo tangu kikosi hicho kilipoundwa mwaka 1829. Nguvu yake hutegemea sana raia. Mwaka 1982, katika kijiji cha Mollington huko Cheshire, wenyeji walianza mpango wa majirani kulindiana nyumba, na mpango huo ukaenea nchini. Bibi kizee anayechungulia kupitia pazia lake huenda akaitwa mdadisi, lakini jirani aliyesafiri humshukuru.

Sasa tuitazame bei. Bei ya kwanza hulipwa kwa fedha. Ardhi ya kujenga ikiwa haba, nyumba huwa ghali, na kijana aliyezaliwa kiungani hushindwa kununua nyumba karibu na wazazi wake. Ndiyo maana Desemba 2024 serikali ililegeza baadhi ya kanuni za mkanda wa kijani, ikikusudia nyumba milioni moja na nusu zijengwe katika muda wa Bunge moja. Wenye nyumba huteta kwamba watapoteza mashamba. Wasio na nyumba huuliza kama ng'ombe ana haki ya nafasi kuliko mtoto. Wote wawili wana hoja.

Bei ya pili ni upweke. Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2021, kama nyumba tatu katika kila kumi za England na Wales zina mtu mmoja tu. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilimpa waziri kazi ya kushughulikia upweke. Wakati wa maradhi ya korona mwaka 2020, watu walitoka milangoni kila Alhamisi jioni kuwapigia makofi wauguzi na madaktari, na walikuwamo waliolijua jina la jirani kwa mara ya kwanza siku hizo.

Kimya hicho kiliwakabili pia Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, wengi wakiwekwa kwanza katika kambi, zikiwamo zilizokuwa za jeshi. Baadhi yao baadaye walifanya makao wilayani Harrow, ambamo Pinner imo. Kwa mtu aliyezoea kubisha hodi bila miadi, mtaa wa namna ile ni mtihani. Lakini mitaa nayo imebadilika: robo ya wakazi wa Harrow sasa ni wa dini ya Kihindu, na taa za Diwali huwaka katika madirisha yale yale ya mapazia.

Askari anayekaribia kustaafu na kutafuta kiwanja pembezoni mwa mji ana la kujifunza hapa. Mpaka wa mji na shamba huwekwa kabla nyumba hazijafika, na njia ya miguu hulindwa kabla ua haujajengwa. Lakini hakuna sheria iwezayo kumwamuru mtu amjulie hali jirani yake. Hilo huanzwa na mwenye nyumba mwenyewe, siku ile ile anapohamia.