Ndege Isiyo na Rubani Yahitaji Rubani Hodari

Jina tulilokipa chombo hiki limetupotosha. Tunakiita ndege isiyo na rubani, wengine kwa kifupi hukiita droni, na kwa kuwa jina lenyewe latamka kwamba rubani hayumo, wakubwa wengi wamesadiki kwamba rubani hahitajiki. Chombo hukabidhiwa askari yeyote aliye kijana na mwepesi wa kubonyeza simu. Huonyeshwa kwa nusu saa jinsi ya kukipandisha na kukishusha, na kesho yake hupelekwa kwenye ajali ya barabarani, kwenye mkutano wa hadhara au kwenye msako wa msituni. Ukweli ni kwamba rubani yupo. Amesimama chini na rimoti mkononi, na akikosea, wa kuumia ni mtu mwingine.

Tarehe 10 Agosti, 2021, polisi wa mkoa wa York, kaskazini ya jiji la Toronto nchini Kanada, walirusha droni yao karibu na uwanja mdogo wa ndege wa Buttonville, ambao ulifungwa mwaka 2023. Droni ilikuwa imesimama hewani katika kimo cha futi 400, yaani mita 120 hivi, na mahali iliposimama ndipo ilipopita njia ya ndege zinazoshuka kutua. Ndege ndogo aina ya Cessna 172, iliyokuwa na mwanafunzi na mwalimu wake, ikaigonga. Waliokuwamo walidhani wamegonga ndege wa manyoya. Walitua salama, na walipoikagua ndege yao ndipo walipoona pua imebonyea. Droni ya polisi iliharibika kabisa.

Bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo iliichunguza ajali, na majibu yake yanafaa kusomwa katika kila kambi. Askari aliyeshika rimoti alikuwa amelemewa na kazi nyingi kwa wakati mmoja, hata hakuweza kuiangalia anga wala kusikia wito wa redio wa ndege iliyokuwa ikija. Mwenzake aliyetajwa kuwa mwangalizi hakuwa amefunzwa kazi hiyo. Yaani watu walikuwa wawili, lakini hapakuwa na jicho hata moja lililoelekezwa angani.

Askari wa hapa Uganda asiseme kwamba Kanada ni mbali. Kando ya barabara ya Kampala na Entebbe kuna kiwanja cha Kajjansi, ambako ndege ndogo hupanda na kushuka. Helikopta za jeshi hazitangazi ratiba zake magazetini. Zaidi ya hayo, anga ya Kampala imejaa kaloli na mwewe, ambao hawajapata kuomba ruhusa ya mamlaka yoyote. Wala haidhuru droni iwe ndogo kiasi gani: tarehe 9 Januari, 2025, wakati wa moto mkubwa wa Los Angeles, droni ndogo ya raia aliyetaka kuutazama moto ilitoboa bawa la ndege iliyokuwa ikimwaga maji, na ndege hiyo ikalazimika kuacha kazi siku ambazo ilihitajiwa mno.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni watu wawili, nao wawe wamefunzwa wote wawili. Mmoja anaongoza, wa pili anatazama anga na kusikiliza, wala hachungulii kioo cha picha hata kama picha ni tamu namna gani. Hapa pana jambo ambalo wengi hulikwepa. Mara nyingi nyuma ya bega la rubani husimama maafande watatu, huyu akitaka picha ya kushoto, yule akitaka chombo kisogee zaidi, wa tatu akiuliza mbona hakioni. Amri tatu kwa vidole viwili ni ajali inayosubiri saa yake. Afande mwenye haja na amwambie mwangalizi, naye mwangalizi ampe rubani neno moja kwa wakati wake. Na rubani akisema, “Nashusha,” chombo kishuke, hata kama aliyesema ni konstebo na anayesikia ana nyota mabegani. Kikosi kisichoweza kulikubali hilo kisirushe droni.

Sharti la pili ni mikono. Kila askari aliyewahi kupiga shabaha anajua kwamba kidole hakivutwi ghafla, hubana polepole mpaka risasi itoke yenyewe. Vidole gumba juu ya vijiti vya kuongozea vyataka tabia hiyo hiyo. Anayesukuma kijiti kwa kishindo na kukiachia kwa kishindo hupata filamu ya kuruka-ruka, na chombo hupita alama aliyoikusudia. Zoezi lake ni la uwanja wa gwaride. Simika vigingi vinne kuwa mraba. Isimamishe droni hewani dakika moja mkia ukikuelekea, kisha uigeuze pua ikuelekee wewe. Hapo ndipo wengi huumbuka, kwa sababu kushoto kumekuwa kulia. Zunguka mraba polepole, kisha fanya duara huku kamera ikitazama kigingi kimoja, kazi inayotaka vidole vyote viwili vitembee pamoja. Kama chombo kinaruhusu, rudia yote bila msaada wa setilaiti, mahali pa wazi pasipo watu. Msaada ule huficha mikono mibovu. Siku utakapokatika katikati ya majengo, upepo utakichukua chombo, na rubani atakuwa hajui la kufanya.

Picha nayo ina kanuni zake. Kabla ya mwendo wowote kamera iachwe ikinasa sekunde tano, na mwendo ukiisha iachwe tena sekunde tano. Wapiga sinema wakinasa picha 25 kwa sekunde, kila picha huipa muda wa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, ili vitu vinavyokwenda viwe na ukungu kidogo unaopendeza macho. Kanuni hiyo ni nzuri kwa harusi. Polisi anataka namba ya gari isomeke mahakamani, basi na aufupishe muda huo hata mara kumi, na filamu ikionekana ngumu-ngumu, hakimu hatalalamika. Kwenye ajali ya barabarani kamera itazame chini wima, fimbo ya kupimia ilazwe barabarani, na droni ipande moja kwa moja mpaka magari, alama za matairi na kingo zote mbili za barabara ziwe katika picha moja.

Katika kushusha, chombo kisidondoshwe wima kwa haraka, maana kitaingia katika hewa iliyovurugwa na mapanga yake chenyewe na kuzama. Kishushwe kwa mteremko. Huko Kabale na Kisoro hewa ni nyembamba, mapanga hujitahidi zaidi, na betri huisha mapema kuliko ilivyozoeleka Kampala. Askari wa majini nao wana hatari yao. Droni nyingi hukumbuka mahali ziliporukia na kurudi hapo zikipoteza mawasiliano, lakini mashua iliyoirusha imekwisha kusogea, na mahali palipokumbukwa ni maji ya Ziwa Victoria. Kurudi kwa namna hiyo kuna kimo chake pia, nacho hakina budi kupangwa kabla ya kuruka kiwe juu ya mti mrefu na mnara wa simu ulio karibu.

Mafunzo haya hayangoji chuo kipya wala fedha za kigeni. Uwanja wa gwaride upo na vigingi vipo. Dereva wa gari la serikali hujaza kitabu cha safari. Rubani wa droni naye apewe daftari la kuandika tarehe, dakika alizoruka, betri aliyotumia na hali ya upepo, nalo litiwe sahihi na kamanda wake kila Ijumaa. Asiyetimiza saa kumi katika daftari hilo asipelekwe kurusha chombo juu ya vichwa vya watu.