Kwa nini barua pepe halali za ofisi zinaishia kwenye spamu?

Kampuni inatuma ankara asubuhi. Jioni mteja anasema hajaona kitu. Si lazima awe anakwepa deni: huenda seva yake haikuamini kwamba barua ile imetoka kwa kampuni hiyo.

Shida ni ya tangu zamani. SMTP, utaratibu wa kusafirisha barua pepe, uliandikwa mwaka 1982 bila kumdai mtumaji athibitishe jina lake. Ndiyo maana tapeli anaweza kuweka anwani ya bosi sehemu ya mtumaji, kama mtu anayeandika jina la jirani nyuma ya bahasha.

Kinga zilikuja baadaye, nazo ni tatu:

• SPF: orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kampuni.

• DKIM: saini ya kidijitali inayoonyesha kama barua imechezewa njiani.

• DMARC: inakagua kama jina lililothibitishwa ndilo analoliona msomaji, na kuiambia seva inayopokea ifanye nini yasipolingana.

Kwa miaka mingi zilikuwa hiari. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kuwadai watumaji wakubwa zote tatu. Kwa Gmail, mkubwa ni anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku. Microsoft ikafuata Mei 2025. Wadogo hawakuachwa: Gmail inawataka wawe na SPF au DKIM.

Mtego uko wapi?

Wengi wanaweka DMARC kwenye “none” na kuishia hapo. Hiyo inaomba ripoti tu, haimzuii tapeli.

Kurukia “reject” nako kuna hasara. Barua inapopitishwa na seva nyingine, mfano ya chuo inayopeleka barua za wahitimu Gmail, seva hiyo haimo kwenye orodha ya SPF. Kama hakuna DKIM, barua halali inakataliwa.

Njia salama ni hatua kwa hatua: anza na “none”, soma ripoti, tambua seva zote zinazotuma kwa jina la ofisi, kisha kaza hadi “reject”.

Ila kufaulu ukaguzi si cheti cha uaminifu. Tapeli akisajili jina linalofanana na la kampuni, tofauti herufi moja tu, naye atapita kwenye kinga zote tatu. Kabla ya kulipa ankara yenye akaunti mpya, simu moja bado ina kazi.