Riwaya za Picha na Orodha za Usomaji katika Idara za Kiswahili

Orodha za vitabu wanavyopewa wanafunzi wa shahada za juu katika idara za Kiswahili hazibadiliki upesi. Riwaya za Shaaban Robert, Kezilahabi na Mohamed Suleiman Mohamed zimekwisha kupata mahali pake. Tamthilia za Ebrahim Hussein hali kadhalika. Na tenzi za pwani hazihitaji mtetezi. Uko, hata hivyo, utanzu mmoja wa usimulizi ambao aghalabu huachwa nje ya mlango bila hata kujadiliwa, nao ni ule wa masimulizi marefu yanayoelezwa kwa picha na maneno kwa pamoja. Makala haya yanadai kwamba hasara ya kuuacha utanzu huo humwangukia mwanaisimu zaidi kuliko mhakiki wa fasihi, na yanapendekeza vitabu vichache ambavyo mwanafunzi angeweza kuanza navyo.

Jina lenyewe bado halijatulia. “Katuni” hubeba kwa pamoja mchoro mmoja wa dhihaka gazetini na filamu za watoto. “Kibonzo” humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye kicheko. “Hadithi ya picha” ni jina la wazi lakini ni pana mno, kwani humezea ndani yake hata vitabu vya chekechea. Hapa litatumiwa jina “riwaya ya picha” kwa kazi yenye urefu wa kitabu, ingawa baadhi ya kazi zitakazotajwa ni wasifu wa watu waliokuwako kweli na wala si riwaya. Istilahi iliyo kamilifu inaweza kungoja. Kazi zenyewe zimekwisha kungoja vya kutosha.

Pingamizi linalosikika mara nyingi ni kwamba picha ni gongo la kumsaidia asiyejua kusoma vema, na kwamba msomi aliyefikia shahada ya pili hana haja nalo. Pingamizi hili linatokana na kudhani kwamba picha hurudia yale yaliyokwisha kusemwa na maneno. Katika kazi mbovu ndivyo ilivyo: mhusika huchorwa akilia, na chini yake huandikwa kwamba analia. Zimo katika kundi hili katuni nyingi za mafunzo ya afya na kilimo, ambamo lugha ya waraka wa ofisini hutiwa katika kinywa cha mama anayeteka maji, naye akazungumza kwa aya zilizonyooka kama hotuba ya ufunguzi wa semina. Kazi za namna hiyo hazipendekezwi hapa, hata zikiwa na nia njema kiasi gani. Katika kazi iliyo nzuri maneno huacha nusu ya maana kwa picha, na picha huacha nusu nyingine kwa maneno, na msomaji hulazimika kuziunga.

Kiswahili si mgeni katika jambo hili. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Nchini Tanzania, Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru alikuwa mtu anayejulikana mitaani kama jirani. Kisha likaja jarida la Sani, ambalo jina lake limeundwa kwa silabi za mwanzo za majina ya waasisi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, likiwa na wahusika kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Mwaka 1996 Sasa Sema ya Nairobi ilichapisha Abunuwasi, kitabu cha Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyejipatia sifa katika magazeti ya Kenya. Hicho ndicho kitabu cha kwanza cha kupendekezwa. Mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid alikwisha kugeuzwa mjanja wa ngano katika masimulizi ya Waswahili zamani sana kabla ya kalamu ya Gado. Jambo la kuangaliwa na mwanafunzi ni yale yanayotokea kwa ngano ya kusimuliwa mdomoni inapopoteza sauti ya msimulizi na kupewa uso wa mhusika. Vidokezo ambavyo fanani alivitoa kwa kubadili sauti au kukonyeza jicho vimehamia wapi? Vingine vimo katika mchoro, vingine katika ukubwa wa herufi, na vingine havikuhamia popote.

Mwanaisimu ana sababu nyingine, tena zilizo nzito zaidi. Tuchukue vionyeshi. Kila kitabu cha sarufi humfundisha mwanafunzi kwamba *huyu* ni wa karibu na msemaji, *huyo* ni wa karibu na msikilizaji au aliyekwisha kutajwa, na *yule* ni wa mbali na wote wawili. Mifano inayotolewa, lakini, ni sentensi zilizong’olewa katika mazingira yake. Msomaji haoni ni nani amesimama wapi. Ukurasa wa katuni humwonyesha msemaji, msikilizaji na kitu kinachotajwa, wote katika fremu moja, na umbali kati yao unaweza kukadiriwa kwa jicho. Hali kadhalika *hapa*, *huku* na *humu*: tofauti ya mahali mahususi, mahali pasipo mipaka na mahali pa ndani, ambayo huwatatiza hata wazawa wakiulizwa ghafla, huchorwa. Mtu akisema “humu” akiwa amesimama nje ya nyumba, mchoro utamfichua, na hapo pana jambo la kuchunguzwa.

Au tuchukue kiambishi *-ka-*. Katika usimulizi wa Kiswahili ndicho kinachosukuma tukio moja mbele ya jingine: akaingia, akaketi, akanyamaza. Katika riwaya ya picha kazi hiyo hufanywa na nafasi tupu iliyo kati ya fremu mbili. Yamkini, basi, kwamba *-ka-* hupungua sana katika maandishi ya katuni, na kwamba inapojitokeza ina kazi nyingine, kama vile kuonyesha mshangao au lawama. Hilo ni dhanio tu, lakini ni dhanio linaloweza kupimwa na mwanafunzi mmoja kwa mwaka mmoja akiwa na rundo la matoleo ya Sani mbele yake. Shida ni kulipata rundo. Majarida ya namna hiyo yalichapwa kwenye karatasi duni, yakauzwa kando ya barabara, yakasomwa na watu kumi, kisha yakafungiwa karanga. Maktaba iliyotunza kila toleo la gazeti la serikali haikuona sababu ya kutunza katuni za miaka hiyohiyo, ingawa Kiswahili kilichosemwa mitaani kimo zaidi katika hizo za pili. Idara inayotaka kuzisomesha kesho haina budi kuanza kuzikusanya leo, mikononi mwa watu binafsi, kabla mchwa hawajaitangulia.

Nje ya Kiswahili kuna kazi ambazo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuzihesabu kuwa zinamhusu. Madame Livingstone ya Barly Baruti, mchoraji mzaliwa wa Kisangani, pamoja na Christophe Cassiau-Haurie, ilitoka kwa Kifaransa mwaka 2014. Inasimulia Vita Kuu ya kwanza katika Ziwa Tanganyika, na shabaha ya Wabelgiji ndani yake ni meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, jina ambalo watu wa Kigoma hawahitaji kuelezwa. Vita hivyo viliendeshwa kwa migongo ya wapagazi wa Kiafrika, na jina la Kariakoo ni kumbukumbu yao iliyobaki katika midomo ya watu ambao wengi wao hawajui wanamkumbuka nani. Kitabu hicho humrudishia mpagazi na askari uso. Inashangaza kwamba hakijafasiriwa kwa lugha iliyokuwa ikizungumzwa pande zote mbili za ziwa lile.

Deogratias, ya Jean-Philippe Stassen (2000), inahusu Rwanda kabla na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Kijana mmoja yumo katika nyakati mbili zinazopishana, na mara nyingi hakuna neno lolote la kumwarifu msomaji kwamba wakati umebadilika: nguo safi ni za wakati ule, nguo chafu zilizochanika ni za wakati huu. Mwenye kufundisha njeo angefanya vema kuwauliza wanafunzi wake ni kitu gani katika kurasa zile kinachofanya kazi ya *-li-*. Si kitabu chepesi. Asipewe mtu bila kuonywa.

Aya de Yopougon ya Marguerite Abouet na Clément Oubrerie, iliyoanza kutoka mwaka 2005, ni ya furaha zaidi. Mtaa ni wa Abidjan, miaka ni ya mwisho ya 1970, wasichana watatu wanapenda, wanadanganywa na wanadanganya. Kifaransa chake ni cha mtaani, na mwishoni mwa kitabu imewekwa faharasa ya kuwafafanulia wageni maneno hayo. Wale wanaobishana juu ya Sheng katika jarida la Shujaaz, lililoanza kutolewa Nairobi mwaka 2010, watakuta humo ubishi wao ukiwa umevaa nguo za Afrika Magharibi. Persepolis ya Marjane Satrapi, juu ya utoto katika Iran ya mapinduzi, inajulikana vya kutosha, itajwe tu.

Barefoot Gen ya Keiji Nakazawa, iliyoanza mwaka 1973 na inayohusu Hiroshima, inastahili kusomwa kwa sababu ya mada yake, lakini inapendekezwa hapa kwa sababu ya milio. Kijapani, kama Kiswahili, kina utajiri mkubwa wa tanakali, na wachoraji wake huzitandaza ukurasani kama sehemu ya mchoro. Wanayo hata tanakali ya ukimya. Kiswahili nacho kinayo: kimya ji! Kinatofautisha aangukaye majini chubwi, aangukaye mchangani tifu, na aangukaye matopeni tapwi. Kinajua kwamba giza ni totoro na kwamba aliyelala amelala fofofo. Pamoja na hayo, zimo katuni za Kiswahili ambamo bunduki na ngumi hulia kwa Kiingereza, kana kwamba ngumi ya Manzese imetoka New York. Huu ni uvivu wa mchoraji, lakini pia ni lawama kwa wanaisimu, ambao wameziorodhesha tanakali katika sura ya mwisho ya sarufi kama mapambo.

Imebaki Maus ya Art Spiegelman, iliyotoka kwa sehemu mbili, 1986 na 1991, na kupata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Wayahudi wamechorwa panya na Wajerumani paka. Baba, Vladek, aliyenusurika Auschwitz, anamsimulia mwanawe mjini New York kwa Kiingereza kilichovunjika cha mhamiaji kutoka Poland. Lakini katika picha za Poland, ambako alizungumza lugha zake mwenyewe, maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza fasaha. Ufasaha, kwa hiyo, ndio ramani ya maisha yake. Mfasiri wa Kiswahili atafanya nini?

Njia ya kwanza ni kuvunja upatanisho wa ngeli: “kitabu yangu”, “watu mingi”. Njia hii haifai. Kiswahili cha Lubumbashi na cha sehemu nyingi za bara kina upatanisho wa namna yake, wenye kanuni zake, na kumvika Vladek lahaja ya watu wengine kama alama ya ulemavu wa lugha ni kuwatukana watu hao. Njia ya pili ni kumpa lafudhi ambayo vichekesho vya jukwaani vilizoea kumpa mwenye duka wa Kihindi. Hiyo ni mbaya zaidi: huleta kicheko pasipotakiwa, na huleta chuki ya kwetu ndani ya kitabu kilichoandikwa dhidi ya chuki. Njia ya tatu, inayodokezwa na wenye kujua Kiingereza, ni kufuata mpangilio wake wa maneno, kwani Vladek hupenda kutanguliza yambwa. Hapa pana mtego. Kiswahili hutanguliza yambwa kwa uhuru, na “mkate huu niliuficha” ni sentensi safi kabisa.

Siri imo katika viambishi. “Mkate huu nilificha”, bila *-u-* ya yambwa, husikika mara moja kama sentensi ya mtu aliyejifunza lugha ukubwani. Vivyo hivyo “mtu alikuja jana ni ndugu yake”, bila *-ye-* ya urejeshi. Mfasiri akiziacha ngeli zilivyo, akaondoa kirejeshi na kiambishi cha yambwa mahali panapovihitaji, na akafanya hivyo kwa kipimo katika kurasa za New York peke yake, atakuwa amempa Vladek Kiswahili kisicho cha kabila wala mtaa wowote. Kurasa kumi za kwanza, pamoja na maelezo ya kila kiambishi kilichoachwa na sababu yake, zingetosha kuwa tasnifu ya uzamili. Na msimamizi wake atakuwa na kazi moja ngumu, kuamua ni mara ngapi katika ukurasa mmoja kosa laweza kurudiwa kabla msomaji hajaanza kudhani ni la mpiga chapa.